Ati medali ya kila mtu? Jibu kwa shemeji wa Free Area

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Free Area hapa Nakuru, nimelifupisha kidogo: "Afande, mzee wangu ako Congo na MONUSCO, hiyo misheni ya amani ya UN, upande wa Beni, amekaa karibu mwaka na wanarudi hivi karibuni. Juzi alinitumia picha akivalishwa medali kwa gwaride. Nilifurahi nikaposti, nikapigia hadi mama mkwe Kakamega, lakini nilipompongeza akasema tu 'hiyo hupewa kila mtu' alafu akabadilisha stori. Mama mkwe naye anauliza inakuja na pesa ngapi. Sasa ni kitu ya maana ama ni ya kupiga picha tu? Nataka kumfanyia sherehe na kuiweka kwa ukuta ya sitting room, nifanye ama niache?"

Shemeji, wacha nikuite hivyo juu bibi ya askari mwenzangu ni shemeji yangu hata kama hatujawahi kuonana. Kwanza pole kwa huo mwaka. Kulea watoto peke yako na kulala simu iko chini ya mto ukingoja iite na ukiogopa iite, hiyo si kazi ndogo, na hakuna gwaride lenye litapangwa Nakuru hapa wewe uvalishwe kitu.

Mimi nilitumikia miaka 22 kwa jeshi, Kenya Rifles, nikatoka nikiwa sinia sajenti, siku hizi niko Lanet nafuga kuku. Misheni ya UN nilienda Sierra Leone mwaka wa 2002, ule mwaka vita vyao vilitangazwa kuisha Januari, wapiganaji zaidi ya 70,000 wakiwa washaweka bunduki chini, na wakapiga kura Mei. Mkuu wa vikosi vyote vya UN kule alikuwa Mkenya mwenzetu, Jenerali Daniel Opande. Kwa hivyo hiyo laini ya medali mimi nimeisimama, na hiyo sentensi ya "hupewa kila mtu" mimi pia niliisema kwa simu nikiongea na bibi yangu. Najua imetoka wapi.

Mzee wako hajakudanganya. Hiyo medali ni ya UN, si ya Kenya, na sheria yake ni siku 90. Ukikaa kwa misheni siku 90 mfululizo ukifanya kazi yako vizuri, uwe kanali uwe mpishi, unastahili, na ni ile ile moja kwa wote. Utaratibu huo uliwekwa na Katibu Mkuu wa UN mwaka wa 1959 na mpaka leo ndio unatumika. Ukiishika utaona ni shaba nyeusi nyeusi, ya mviringo, kubwa kidogo kuliko shilingi ishirini, mbele ni ile alama ya dunia ya UN na nyuma imeandikwa kwa Kizungu maneno ya kumaanisha kwamba ulikuwa katika kazi ya amani. Chuma ni moja kwa misheni karibu zote, chenye hubadilika ni ribon. Kila misheni iko na rangi zake, ndio maana sisi wazee tukikutana kwa mazishi tunasoma kifua cha mtu kabla hajafungua mdomo, huyu alikuwa Namibia 1989, huyu Croatia wakati wa Yugoslavia, huyu Darfur. Na mtu akirudi misheni ile ile tena hapewi medali ingine, anapewa namba ndogo ya kubandika kwa ribon. Akienda misheni tofauti hapo ndio anapata ya pili.

Sasa wewe unajiuliza, kama ni siku 90 na yeye amekaa karibu mwaka, mbona wamempatia saa hii? Ni vile gwaride linangoja watu wote wa kontinjenti, yaani kikosi chote cha nchi moja, wafikishe siku, na wengine walikuja na ndege za nyuma, alafu lazima mgeni mkubwa wa misheni apatikane, usalama uruhusu watu wasimame pamoja uwanjani bila kuacha kambi wazi. Mara nyingi hiyo siku inaangukia mwisho mwisho, wakati watu washaanza kuhesabu mizigo.

Na ni siku nzuri, usione vile anaongea. Unaamka mapema, unapiga kiatu rangi mpaka uone meno yako, bereti ya buluu unaipanga kwa kioo. Wimbo wa taifa unapigwa mbali na nyumbani na hapo hata wagumu wanameza mate. Kama watu ni wengi mgeni hawezi kuwafikia wote, kwa hivyo maafisa wanagawana mistari, kila mmoja na trei ya medali, anasimama mbele yako, anakuvalisha upande wa kushoto, mnasalimiana, anaenda kwa mwingine. Kwako wewe yote ni kama sekunde kumi. Baadaye ngoma, sisi kule vijana wa Kakamega na Vihiga walikuwa wamebeba isukuti kutoka nyumbani kwa ndege, wakapiga mpaka Wabangladeshi wakaingia uwanjani, alafu nyama, alafu jioni mtu anaenda kwa kitanda chake anafungua mkono anaiangalia peke yake.

Hapo kwa kitanda ndio hiyo sentensi inazaliwa.

Kwetu kulikuwa na kijana wa Busia, tulikuwa tunalala hema moja. Lori ilipinduka wiki tatu kabla ya gwaride, barabara ya matope, hakuna adui hata mmoja karibu, ni mvua tu. Siku ya medali tukajipanga kwa urefu vile hupangwa, na mahali pake palikuwa kati yangu na mwingine, tukaambiwa tusongeane tufunge nafasi. Nilisonga hatua moja kulia. Mpaka leo nikisikia mtu anasema medali ya UN mimi sikumbuki mgeni wala hotuba, nakumbuka hiyo hatua moja. Sasa bibi yangu ananipigia kutoka nyumbani, "hongera baba, nimeskia umepata medali," ningemjibu nini? Ningesema nimefurahi ningehisi nimeruka mtu. Ningemwambia ya huyo kijana ningemwogopesha na bado niko huko. Nikasema hupewa kila mtu. Ni maneno ya kufunga mlango polepole bila kuupiga.

Sisemi mzee wako amepoteza mtu, sijui na usimuulize kwa simu. Inaweza kuwa ni uchovu tu, ama ni adabu ya kijeshi ya kutojisifu, juu mtu akijisifu kwa medali ya siku 90 wenzake watamcheka mwezi mzima. Lakini Beni si mahali pa mchezo, unajua mwenyewe venye waasi wa ADF wameua raia wa vijiji vya huko miaka hii yote, na watu wetu wa QRF, kikosi cha dharura, ndio huitwa kukimbia kwenye moto. Mtu anaweza kuwa ameona vitu na hajapata pa kuviweka.

Lakini kuna kitu ingine kuhusu medali yenye ninataka uelewe kuliko yote, nayo sikuielewa mpaka mwaka uliofuata nilipoenda Busia kwa mama ya huyo kijana.

Ile ya mzee wako haina jina. Igeuze mbele igeuze nyuma, hakuna mahali wameandika yeye ni nani. UN wako na medali ingine, inaitwa Dag Hammarskjöld, imewekwa na Baraza la Usalama mwaka wa 1997. Hammarskjöld alikuwa Katibu Mkuu wa UN kutoka Sweden, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, Septemba 1961, akienda kutafuta kusimamisha vita vya Congo, hiyo hiyo Congo ya mzee wako. Medali yake si shaba na haina ribon. Ni kama yai la kioo, safi unaona upande wa pili, na kumeandikwa jina la mtu na tarehe yenye alikufa. Inapewa familia ya aliyekufa kazini chini ya bendera ya UN, na tangu 1948 hao ni zaidi ya 4,000, Wakenya wakiwa ndani.

Mama ya huyo kijana alinitolea hiyo ya kioo kwa kabati, alikuwa ameifunga na leso. Akaniambia nishike. Jina la rafiki yangu lilikuwa limeandikwa vizuri sana, herufi hata hazijakosea, na huyo mtoto maisha yake yote walikuwa wakiandika jina lake vibaya kwa kila karatasi. Nilirudi nyumbani Vihiga nikaitoa yangu kwa boksi nikaigeuza, tupu, hakuna jina. Nilikaa nayo kwa kiti mpaka giza likaingia.

Kwa hivyo shemeji, mtu akikwambia hiyo ni ya kila mtu, mwambie ndio, ni ya kila mtu aliyebaki kwa laini. Yenye imeandikwa jina ni ya wale wengine. Mimi ningekuwa wewe ningefurahia hiyo shaba isiyo na jina kuliko dhahabu.

Ya ushujaa pia iko, usichanganye. Mwaka wa 2014 waliweka medali ya Kapteni Mbaye Diagne, huyo alikuwa Msenegali aliyekuwa Rwanda 1994, hakuwa na silaha, aliwapitisha watu kwa vizuizi vya wauaji kidogo kidogo kwa gari lake, mamia ya watu wakapona, na yeye akauawa na bomu la mota tarehe 31 Mei mwaka huo huo. Hiyo hutolewa kwa nadra sana. Na zile za serikali yetu, zile majina husomwa karibu na Jamhuri Dei, DSM ya utumishi bora, HSC ya pongezi za rais na zingine, ni njia yake ingine kabisa, zinatoka kwa rais. Mzee wako akipata moja ya hizo hatakwambia hupewa kila mtu.

Ya mama mkwe ni fupi. Medali haina pesa, hata shilingi. UN hailipi askari mmoja mmoja wa kontinjenti, inarudishia serikali kiasi fulani kwa kila askari kwa mwezi, ilikuwa imewekwa dola 1,428 kutoka Julai 2018, na serikali ndiyo inalipa watu wake marupurupu kwa utaratibu wake. Kwa hivyo akirudi atakuja na akiba yake ya kawaida yenye mlikuwa mnajua, hakuna bahasha imeshonwa nyuma ya ribon. Mwambie mama mapema na kwa heshima, wewe ndio umwambie, usingoje yeye afike aulizwe mbele ya wajomba. Nimeona askari amefika nyumbani jioni na asubuhi yake kuna watu saba kwa kiti wanangoja kusaidiwa, na yeye hata usingizi wa kwanza hajalala. Hiyo inaumiza mtu kuliko misheni.

Na hiyo ya kuposti. Picha ya gwaride si mbaya kama wenyewe washaitoa, lakini tarehe ya kurudi, ndege gani, watatua wapi, hiyo usiandike mahali popote, wala kwa grupu ya kanisa. Wiki za mwisho ndizo mbaya. Watu wanakabidhi zamu kwa wageni ambao hawajajua barabara, vifaa vinahesabiwa, akili ya mtu iko nusu Beni nusu Nakuru, na adui anajua pia kwamba kikosi kinabadilishana. Kuna wenye wamekaa miezi kumi na moja bila mkwaruzo wakaumia wiki ya mwisho. Kwa hivyo ukiongea naye sahii usimpe shida za karo na mabati, mwambie watoto wako sawa, mkate simu.

Sasa akifika. Sherehe fanya, lakini si siku ya kwanza na si ya kushtukiza watu wakipiga kelele nyuma ya mlango. Hilo jambo la kushtukiza mtu ametoka operesheni naomba sana mliache. Siku za kwanza awe na wewe na watoto, apikiwe kile anapenda, alale. Anaweza kuamka usiku saa nane akae kwa mlango, anaweza kununa juu ya kitu ndogo kama sufuria imeanguka, anaweza kukaa kwa matatu akiangalia paa za nyumba. Wiki chache hiyo ni kawaida, mwili unarudi polepole. Ikipita mwezi na bado halali, ama ameanza kunywa kuliko venye unamjua, ama anakaa kama hayuko, usingoje aombe msaada mwenyewe juu hataomba, mwambieni daktari wa kambi ama padri wa jeshi, hawa wako kwa sababu hiyo na haimharibii kazi kama vile vijana huogopa.

Kingine nataka ukiandike kwa kalenda. Nakuru iko juu, malaria si ugonjwa wa huku sana, na Beni malaria iko mwaka mzima. Akipata homa, hata miezi kadhaa baada ya kurudi, kliniki ya mtaani inaweza kumwambia ni flu ama taifodi akapewa dawa arudi nyumbani. Wewe sema kwa mdomo wako mwenyewe, "huyu ametoka Congo, mpimeni malaria," wapime siku hiyo hiyo. Na kama walikuwa wanakunywa tembe za kuzuia, ziko zenye lazima mtu aendelee nazo wiki nne baada ya kutoka huko, na askari wengi wakishakanyaga Kenya wanazitupa. Hesabu hizo tembe wewe.

Ya ukuta nimeiacha mwisho juu iko na stori.

Babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, alipelekwa Bama, yaani Burma kule Asia, wakati wa vita ya pili ya dunia, wale wa divisheni ya Afrika Mashariki waliopita bonde la Kabaw 1944 kwa mvua na matope. Alirudi na nyota ya shaba, Burma Star, na wale Waingereza zile nyota walizitoa bila jina. Aliiweka kwa mkebe wa majani ya chai. Sisi watoto tulikuwa tunaichezea, hakuna mtu aliwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kusema, siku zote alikuwa akisema tu "tulienda wengi." Ona hayo maneno. Ni yale yale ya mzee wako. Alipokufa mkebe ukaenda kwa mjomba, mjomba naye akafa, leo nyota hatujui iko wapi, na hata ikipatikana hakuna kitu juu yake cha kuonyesha ni ya babu na si ya mtu mwingine wa kijiji hicho. Batalioni yake hatuijui. Rafiki zake hatuwajui. Mzee mzima alienda Asia akarudi na sisi tumebaki na neno moja, Bama.

Kwa hivyo kitu ya kwanza, medali ya UN hutolewa na cheti, na jina liko kwa cheti. Hicho cheti ndicho watu hukunja wakakiweka kwa begi na soksi. Muulize kiko wapi kabla hajafunga mizigo, aje nacho mkononi. Ukishakipata piga kopi mbili hapo mjini, moja iende Kakamega kwa mama yake, atafurahi nayo kuliko pesa ukimwelezea vizuri. Ya pili, ile picha yenye ulitumiwa, itoe kwa karatasi kabisa, simu hupotea. Iweke kwa bahasha. Siku moja, inaweza kuwa baada ya mwezi, inaweza kuwa mwaka ujao tarehe 14 Oktoba, hiyo KDF Dei, siku ya jeshi letu, akishapiga sare pasi na kuvaa medali, ama jioni tu mvua inanyesha na stima imepotea, mpatie hiyo picha na kalamu umwambie aandike nyuma majina ya wenye wamesimama naye kwa huo mstari. Usimuulize maswali. Majina tu. Atakuambia mengine mwenyewe akiandika, na kama kuna jina ataliandika pembeni mwenyewe, usimuulize ni la nani, utajua.

Na msumari usipige kabla hajafika. Fremu nunua, hizo za kioo chenye iko na nafasi kidogo ndani ziko kwa mafundi wengi wa picha mjini, medali juu cheti chini, lakini ukuta achague yeye. Wengine wanapenda sitting room, wengine hawataki kuiona kila wakikula. Yangu iko kwa chumba cha kulala nyuma ya mlango, nikiufunga ndio inaonekana, na bibi yangu ndiye huipanguza vumbi kila Jumamosi.